Tangi la matumbawe lenye mkondo mkali: niweke mchanga gani chini?

*"Naishi Ntinda, Kampala. Nina tangi la matumbawe lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 55. Maji ya chumvi nachanganya mwenyewe. Nina pampu mbili za mkondo, kila moja lita 6,000 kwa saa, na ya tatu ya lita 3,000 inayorudisha maji kutoka tangi la chini. Nataka kufuga matumbawe magumu ya Acropora, na mke wangu anawapenda wale samaki wa manjano wanaojifukia mchangani usiku. Nilitia mchanga laini mweupe, lakini kila asubuhi nakuta umesombwa: upande mmoja kioo kitupu, upande wa pili kilima. Rafiki mmoja anasema nichukue mchanga wa Lwera. Mwingine anasema huo una silika, utaleta mwani, afadhali niponde mawe ya chokaa ya Tororo kwa sababu matumbawe yanakula kalsiamu. Shemeji yangu yuko Mombasa, anaweza kunitumia gunia kwa basi. Kuna na wanaosema niache kioo kitupu. Nifuate lipi?"*

Ndugu yangu, swali lako lina mambo mawili yaliyochanganyika. Moja ni la nguvu: mchanga haukai mahali pake. La pili ni la kemia: unaogopa kutia kitu kitakachoharibu maji, au kukosa kile kitakachoyalisha matumbawe. Marafiki zako wote wamekujibu la pili, na la kwanza hakuna aliyeligusa, ilhali ndilo linalokupa kazi kila asubuhi. Nitaanza nalo, maana kwa mkondo kama wako ukubwa wa chembe ndio unaoamua karibu kila kitu. Aina ya jiwe hufuata nyuma.

Tangi lako likijaa ni lita 330. Pampu zote kwa pamoja zinasukuma lita 15,000 kwa saa, yaani maji yote yanazungushwa mara 45 hivi kila saa. Hapo hujakosea. Acropora wengi hukaa sehemu za mwamba zinazopigwa na mawimbi, na wanayahitaji mawimbi hayo kwa sababu tumbawe halina mapafu wala moyo. Oksijeni, chakula na kalsiamu huletwa na maji, na kamasi na uchafu huondolewa na maji yale yale. Juu ya ngozi ya tumbawe kuna utando mwembamba wa maji yaliyotulia. Mkondo ukidhoofika utando huo hunenepa, na kila kinachoingia au kutoka kinapita kwa shida. Kwa hiyo akija mtu kukwambia upunguze pampu ili mchanga ukae, mshukuru na uendelee na shughuli zako. Mchanga ndio utakaoufuata mkondo.

Chembe hukaa chini kwa uzito wake na huondolewa na maji yanayoigonga ubavuni. Ukiongeza kipenyo cha chembe mara mbili, eneo linalogongwa na maji huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Ndiyo maana chembe ya nusu milimita inaruka mahali ambapo ya milimita mbili imelala tu. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka karibu mara nne. Kupandisha pampu kidogo tu kunaweza kugeuza sakafu iliyotulia ikawa jangwa la vumbi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo huenda hujayaona. Maji yakigonga mguu wa jiwe hulazimika kupita pembeni kwa kasi zaidi, na hapo ndipo shimo huanza. Uliangalie tangi lako leo, naamini kioo kitupu kimeanzia kwenye tako la jiwe au kwenye pembe inayoelekezwa na pampu. La pili ni umeme. Unapokatika, kila kilichokuwa kinaelea hutua. Unaporudi, pampu nyingi huamka kwa nguvu zote kwa mara moja, na pigo hilo la kwanza huinua mchanga ambao mkondo wa kawaida usingeuinua. Kama pampu zako zina namna ya kuanza polepole, iwashe.

Usidhani mchanga unaoruka ni ubaya wa sura peke yake. Chembe zikitua juu ya Acropora, tumbawe hutumia nguvu kutoa kamasi ili kujisafisha, na zikikaa siku nyingi ngozi iliyo chini yake hufa na kuacha mfupa mweupe. Zikiingia kwenye pampu hula mhimili wake. Na ikinaswa chembe moja tu chini ya ile sumaku ya kusafishia kioo, ukiivuta mara moja tu umechora upinde ambao utautazama kila ukikaa sebuleni, na kwenye akriliki ni vibaya zaidi kuliko kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye kemia, na hili la mchanga kulisha matumbawe kwanza, maana limewapotezea watu wengi fedha. Ni kweli kwamba mchanga wa baharini wa matumbawe ni aragonaiti, aina ya kalsiamu kabonati, na mifupa ya matumbawe ni aragonaiti vilevile. Kutoka hapo watu hukata kauli kwamba mchanga unayeyuka na kuwapa Acropora kalsiamu. Hauyeyuki. Maji ya bahari ya juu juu, yenye pH ya 8.0 hadi 8.4, tayari yamebeba madini hayo kupita kiasi yanachoweza kushika kwa utulivu. Hayana haja ya kuyatoa kwenye mchanga. Ushahidi upo kwenye vile vifaa vya kuyeyusha aragonaiti kwa ajili ya matangi makubwa: lazima vipulizwe hewa ya kaboni dayoksaidi mpaka pH ndani ya kifaa ishuke kwenye 6.5 hadi 6.8. Hata nyumba iliyofungwa madirisha, ambayo pH ya tangi hushuka hadi 7.8, haifiki huko. Ndani kabisa ya mchanga mzito, ambako bakteria wanatoa tindikali, kiasi kidogo huyeyuka, lakini hakitoshi.

Lipime kwa hesabu. Tangi lako likijaa Acropora wanaokua vizuri, ualkali, yaani kabonati iliyo majini inayopimwa kwa dKH, unaweza kushuka dKH 1 kwa siku. Kwa lita 330 hizo ni kama gramu 6 za kalsiamu kabonati kila siku. Gramu hizo utazitoa kwenye dawa za kuongeza kalsiamu na ualkali, ukipima kila mara na kuweka kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, ualkali kati ya dKH 7 na 9 bila kupandapanda na kushukashuka. Mchanga usiupangie kazi hiyo.

Mchanga wa Lwera. Wengi wanaupita kwenye barabara ya Masaka, malori yamejipanga. Huo ni mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni silika, hapo rafiki yako hakukosea. Alipokosea ni kudhani kwamba silika iliyo ndani ya chembe ya kwatzi inaingia majini na kulisha mwani. Kwatzi ni sugu mno. Kwenye maji ya tangi, kwa miaka unayoweza kulifuga, haiyeyuki kiasi cha kuhangaisha. Ule utando wa kahawia unaofunika mchanga mpya ni diatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika, na silikati wanayoitumia hutoka zaidi kwenye maji ya bomba ambayo hayakuchujwa vizuri. Ukiweka hata aragonaiti ghali zaidi utauona, na kwa kawaida huondoka wenyewe baada ya wiki chache. Kama hauondoki, kagua chujio lako la maji kabla ya kuulaumu mchanga.

Hata hivyo mimi nisingetia mchanga wa Lwera kwenye tangi lako. Ni mchanga wa kujengea. Unakuja na udongo, mabaki ya mimea ya kinamasi na chembe ndogo nyeusi za madini mazito. Chukua sumaku, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe kwenye mchanga mkavu, kisha itazame: ikitoka na ndevu nyeusi, hizo ni chembe za chuma. Pampu zako zinazunguka kwa sumaku, na chembe hizo zitaifuata sumaku ya ndani na kuisaga. Tena mchanga wa ujenzi haujachaguliwa kwa ukubwa. Ndani ya kiganja kimoja kuna vumbi na kuna changarawe, na mkondo wako utavitenga kwa siku mbili.

Mawe ya Tororo ndiyo yaliyonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu yanapita ule mtihani ambao kila mtu anaujua. Ukidondoshea siki yanatoa povu, na mtu anasema, hii ni chokaa, hii inafaa. Siki inathibitisha kwamba kuna kabonati, basi. Haisemi kuna nini kingine. Chokaa ya Tororo haikujengwa na konokono na matumbawe wa baharini. Ni kabonatiti, mwamba uliotokana na volkano ya kale, na jirani yake pale Sukulu kuna akiba kubwa ya fosfeti. Miamba ya jamii hiyo hubeba apataiti, ambayo ni madini ya fosfeti, na magnetaiti, ambayo ni chuma kinachovutwa na sumaku. Sisemi fosfeti yote itamwagika majini siku ya kwanza. Apataiti kwenye pH ya 8.2 huyeyuka kwa shida. Lakini umesaga jiwe, umezalisha vumbi jingi, na unaliingiza mahali ambapo tunapigania fosfeti isizidi kama miligramu 0.1 kwa lita, kwa kuwa fosfeti nyingi hulizuia tumbawe kujenga mfupa wake. Kwa saruji Tororo ina jina lake. Kwa Acropora, liache. Na zile chipsi za terazo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi nazo ziache hukohuko, hata zikiwa nyeupe kiasi gani, maana muuzaji hawezi kukwambia zimetoka jiwe gani.

Shemeji wa Mombasa ana nia njema, ila ningemwambia apumzike. Sehemu kadhaa za pwani ile ni hifadhi za taifa za bahari, Mombasa yenyewe, Watamu, Kisite-Mpunguti, na huko hairuhusiwi kutoa kitu. Vipande vikubwa vya matumbawe navyo vina sheria yake: matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Kenya na Uganda zote ni wanachama, na sidhani unataka shemeji ajieleze pale mpakani Malaba na gunia mkononi. Hata sheria ukiiweka kando, mchanga wenyewe hautakufaa. Ule mweupe wa Diani ni laini kama unga, yaani ni tatizo lile lile ulilonalo sasa. Wa Malindi ni wa kahawia kwa sababu mto Sabaki unashusha udongo na mchanga wa bara. Na mchanga wa ufukweni unabeba chochote kilichomwagwa baharini wiki hiyo.

Kinachobaki ni aragonaiti kavu iliyooshwa na kuchekechwa kwa ukubwa, inayouzwa kwa ajili ya matangi, au kuacha kioo kitupu.

Kioo kitupu kina hoja nzuri na wanaokitetea si wajinga. Uchafu wote unaonekana, mkondo unausukuma hadi kwenye kona moja, unaunyonya kwa mpira, kazi imeisha. Pampu unaweza kuzielekeza popote. Baada ya miezi mwani wa zambarau hufunika kioo na hakibaki kitupu tena. Ubaya ni kwamba mwanga unaorudishwa juu na mchanga mweupe unaupoteza, wanyama wadogo wanaoishi mchangani wanakosa makao, na wale samaki wa mkeo hawawezi kukaa. Halichoeres chrysus, kama ndiye huyo wa manjano, hujifukia kila usiku na kila akitishwa. Ukimweka juu ya kioo atakuwa na hofu daima, atajigonga mdomo akijaribu kuchimba, na hatadumu. Usimfanyie hivyo.

Umesikia pia, bila shaka, habari ya mchanga mzito wa sentimita 10 hadi 15 unaoondoa naitreti. Kazi hiyo ni ya kweli: ndani kusikofika oksijeni, bakteria hubadilisha naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Ila inahitaji chembe ndogo, chini ya milimita moja, na sakafu isiyovurugwa, na kwa mkondo kama wako hivyo viwili havikai pamoja. Umeme ukikatika saa nyingi, mchanga mzito nao unavuta oksijeni ile ile wanayoigombania samaki. Kwa Kampala mimi sikushauri.

Mimi, kwa tangi lako, ningetia aragonaiti ya milimita 1 hadi 2, nikachanganya na kiasi cha ile ya milimita 2 hadi 3 kwenye maeneo yanayochimbika, kwa kina cha sentimita 3 tu. Hesabu yake: 120 mara 50 mara 3 ni lita 18, lita moja ya mchanga huo mkavu ni kama kilo 1.5, kwa hiyo ni kilo 27, na ukiondoa nafasi ya mawe labda 22. Usipande hadi zile changarawe za milimita 5. Hazitaruka, lakini chakula na kinyesi huingia kati yake na kukaa huko, mkondo haufiki, na baada ya mwaka una ghala la naitreti. Hata hii ya milimita 2 itabidi uifyonze kwa mpira wa kusafishia kila unapobadilisha maji, robo ya sakafu leo, robo nyingine safari ijayo.

Kabla hujanunua kilo zote, omba au nunua kidogo. Tia kiganja kimoja kwenye kisahani, kiweke pale mahali panapochimbika zaidi, acha pampu zote kwa nguvu zake za juu usiku mzima. Asubuhi tazama kilichobaki kwenye kisahani. Ukiona kimebaki karibu chote, nunua. Ukiona nusu imeondoka, panda ukubwa mmoja. Jaribio hilo litakwambia zaidi ya maandishi yoyote kwenye mfuko.

Oshea mchanga kwenye ndoo kama unavyoosha mchele, mpaka maji yawe maangavu, na maji ya mwisho yawe yale yaliyochujwa. Mawe yaguse kioo moja kwa moja, mchanga uje baadaye kuyazunguka. Jiwe lililokalishwa juu ya mchanga siku moja huchimbwa chini yake na kuanguka. Pampu ziinue juu ya nusu ya kimo, zitazamane au zipige kioo cha mbele, ili nguvu ivunjike kabla ya kufika sakafuni. Baada ya wiki kadhaa bakteria huzifunika chembe kwa utando unaonata, na sakafu hutulia kuliko siku za mwanzo, kwa hiyo usikate tamaa kwa vishimo viwili vitatu vya wiki ya kwanza.

Na yule samaki wa mkeo? Chembe za milimita 2 ni kali kwa ngozi yake, na sentimita 3 hazimtoshi. Mtengenezee sanduku la kioo au la plastiki ya vyombo vya chakula, la sentimita 30 kwa 20, ulitie sentimita 8 za mchanga laini wa nusu hadi milimita moja. Ule ulionao sasa unafaa kabisa. Kuta za sanduku zizidi mchanga kwa sentimita 4 hivi, ulifiche nyuma ya mawe mahali mkondo unapokufa. Atalipata mwenyewe siku hiyo hiyo. Juu ya tangi weka wavu, kwa sababu jamii yake huruka.

Mchanga wako wa sasa usiukombe wote kwa siku moja. Unyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, theluthi kwa theluthi, ukiacha wiki moja katikati, na upime amonia siku inayofuata kila mara.

Kuna hali ambazo hazifai kujaribiwa kwa maelekezo ya kusoma. Ukikuta chini ya kile kilima tabaka jeusi linalonuka mayai yaliyooza, hiyo ni salfaidi ya haidrojeni, sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo; acha kuchimba, ongeza hewa, na umwite mtu aliyezoea matangi ya maji ya chumvi aje aliangalie na wewe. Tangi lako na vilivyomo linavuka kilo 400. Kama meza imeanza kupinda au uko ghorofani na sakafu inalia, mwite fundi kabla ya kuongeza hata mfuko mmoja. Na kama unapotia mkono majini unahisi mchomo wa umeme, hata mdogo, chomoa kila kitu ukutani na usitie mkono tena mpaka fundi umeme awe amekagua pampu moja moja. Mchanga unaoruka huweza kula mpira unaoziba pampu za bei rahisi, na zako zimekaa ndani ya mchanga huo tangu ulipoanza.